Hati ya Babu: Gharama ya Makao Kianyaga



Mchumi akitaka kujua gharama ya makao huuliza kodi ya nyumba. Kwetu Gichugu, Kirinyaga, Kenya, penye mji wa Kianyaga, swali hilo humruka mwenye shamba. Halipi kodi, basi kwenye hesabu anahesabiwa kuwa anakaa bure. Mtazameni anavyojenga. Msingi umechimbwa na nyasi zimeota katikati ya vyumba. Bonasi ya chai, malipo ya ziada ya mwaka kwa mkulima, ikitoka Oktoba, kuta zinafika kwenye lenta. Mwaka unaofuata karo inaimeza bonasi yote, fundi haitwi. Familia bado imo kwenye nyumba ya mbao, magazeti yamebandikwa ukutani kuzuia upepo wa mlimani.

Kwa nini asikope? Mwaka 1954 Roger Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, aliandika mpango uliotaka vipande vya mashamba viunganishwe, visajiliwe, na mkulima apewe hati ya kumwezesha kukopa. Miaka hiyo hiyo, chini ya Hali ya Dharura dhidi ya Mau Mau, serikali hiyo iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja na kuwasonga katika vijiji zaidi ya 800. Ardhi ikapimwa huku wengi wakiwa kizuizini, na hati ikaandikwa jina la mtu mmoja, aghalabu mwanamume. Mtu huyo ndiye babu. Alishazikwa kitambo, lakini hati bado ni yake, na hakuna benki inayomkopesha marehemu.

Kuibadilisha hati hiyo kunahitaji kesi ya urithi, kisha idhini ya bodi ya ardhi, kisha ada ya mpima ardhi. Kabla ya yote hayo kunahitaji amani kati ya baba wadogo na mashangazi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua binti sawa na kaka yake, ingawa nimeona kaka wengi wakiikumbuka siku dada anaporudi na wakili. Kwa hiyo gharama ya karatasi inatangulia ya simiti, na anayeshindwa na ya kwanza hujenga kwa bonasi, chumba baada ya chumba, mpaka nywele ziote mvi.

Mpangaji wa sokoni ana shida yake. Mwalimu kijana hukodi chumba cha futi kumi kwa kumi, choo cha pamoja, stima ya tokeni. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kugharimia nyumba hizo. Ng'ambo ya barabara kuna jumba la mawe la mtu anayefanya kazi Nairobi, limefungwa mpaka Desemba. Kwa sababu ya nyumba kama hizo zisizokaliwa, mji wa St Ives, Uingereza, ulipiga kura 2016 nyumba mpya ziwe za wakaazi wa kudumu tu. Hapa singeunga mkono sheria kama hiyo. Jumba lile limejengwa uani kwa wazazi, na hakuna mzazi wa Gichugu atakayekubali mpangaji alale humo.

Ningeanzia kwenye karatasi. Mahakama ya Gichugu iko pale pale Kianyaga. Sehemu ya fedha za nyumba igharimie karani na mpima ardhi waende kijiji kwa kijiji, wamalize kesi za urithi bila ada. Ghorofa zinaweza kungoja. Anayejenga kwa bonasi ameshangoja vya kutosha.