Mjane na Chupa ya Mafuta



Leo chama chetu kinatimiza miaka 10. Nataka niwakumbushe yule mjane wa Wafalme wa Pili, sura ya 4. Jina lake halikuandikwa. Mume wake, mcha Mungu, alikufa akaacha deni, na mdai akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Hana kitu, ila chupa ya mafuta tu. Akaambiwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache. Akafunga mlango, akamimina. Vyombo vilipokwisha, mafuta nayo yakakoma. Akauza, akalipa deni, wakaishi kwa yaliyobaki.

Mimi huwa nawafikiria wale majirani. Bila vyombo vyao, yale mafuta angeyamimina wapi?

Mwaka wetu wa nne nilishindwa kurejesha mkopo. Nikaona aibu, nikaacha kuja mkutanoni. Mkanifuata nyumbani, hamkunitangaza. Mkaniongezea miezi mitatu, nikalipa yote.

Sasa yupo mwenzetu anajificha kwa ajili ya deni. Jamani, tusimseme kisimani. Tumfuate, tupange naye.