Saa za Klorini

Msikilizaji, ukisikia mtu anasomea shahada ya uzamivu kwa kuifundisha kompyuta mambo ya maji, usicheke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, wakishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, walichukua vipimo vya maji kutoka kambi za wakimbizi Tanzania na Bangladesh, wakaiachia kompyuta ijifunze. Kazi ilichapishwa 2021. Swali lao ni letu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda: maji yaliyotiwa dawa, yakilala kwenye jerikani hadi kesho, bado ni salama?

Klorini haikai. Uchafu wa jerikani unaimaliza, joto linaimaliza. Mwongozo wa kimataifa umezoea kutaka miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita pale bombani. Kwa mama anayechota alfajiri na kunywesha watoto usiku, mara nyingi hazitoshi. Kiasi kinachofaa hutofautiana kambi hadi kambi, ndiyo maana kompyuta hulishwa takwimu za mahali penyewe.

Takwimu hizo huletwa na kijana mwenye kichupa na kidonge. Bombani anatumbukiza kidonge, maji yanageuka rangi ya waridi, anaandika saa. Baadaye anabisha hodi nyumbani kwa yule aliyechota, anapima maji yaleyale. Yakibaki bila rangi, dawa imekwisha. Akiamua kujaza fomu kivulini bila kubisha hodi, na tunawajua wa namna hiyo, kompyuta itajifunza uongo wake kwa bidii zote.

Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka Ziwa Nakivale, nalo linalishwa na Mto Rwizi, uleule unaonywesha Mbarara. Huko juu vinamasi vimelimwa, kingo zimechimbwa mchanga na kufyatuliwa matofali. Mvua ikishuka vilima vya Buhweju, unakoanzia mto, tope linakuja nayo, na tope hula klorini. Kipimo cha Julai, kiangazi, kisitumike Oktoba.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kipo tangu 1989, karibu kuliko Kanada. Wanafunzi wake wa uzamivu wafunguliwe daftari za vipimo vya Nakivale. Vijana wanaopima katika kanda zetu za Juru, Rubondo na Base Camp walipwe kama mafundi, si kwa hela ya soda. Na kompyuta ikishasema, jibu libandikwe pale bombani, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali: maji haya yanywe kabla ya saa ngapi.