Wimbo wa Kwanza Uko Wapi? Wapenzi wa Taarab na Hukumu ya Wimbo Unaorudiwa

Mhadhara wa umma, Chake Chake, Pemba



Mada ya jioni hii hujadiliwa kila siku barazani, harusini na ndani ya gari za abiria za kwenda Wete, lakini vyuoni kwetu haijapata nafasi inayoistahiki. Wimbo wa taarab ukirudiwa na mwimbaji mwingine, miaka thelathini au tisini baada ya kuimbwa mara ya kwanza, wapenzi hugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba wa mwanzo hauna mfano. Wapo wanaosema huyu wa sasa ndiye aliyeupa roho. Ukikaa ukawasikiliza utaona kuwa hawabishani ovyo: wana vigezo, wana ushahidi, na kumbukumbu zao ni kali kuliko kumbukumbu za maktaba nyingi. Nimekuja kuwatetea watu hawa. Kisha nitagombana nao juu ya jambo moja, nalo ni kipimo wanachokitumia.

Nichukue wimbo mmoja tuutazame kwa karibu: Kijiti, wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akalelewa katika kazi ya ufinyanzi kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 yeye na watribu wake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zao zikaenea pwani nzima. Kijiti unasimulia kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikuja Unguja, akatolewa usiku kwenda ngomani, akauawa. Muuaji akavuka bahari akaenda zake bara. Waliobaki mikononi mwa sheria ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, na hao ndio walioishia gerezani. Wimbo ulikuwa shitaka juu ya mahakama, lililotungwa na watu ambao mahakamani hawakuwa na sauti.

Miongo mingi baadaye wimbo huohuo ukaimbwa na Fatuma binti Baraka, ambaye sote tunamjua kwa jina la Bi Kidude. Alijifunza nyimbo za Siti kwa kusikiliza, akaziimba hadi uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Anayempenda Siti atakwambia sauti yake ni nyembamba, inapanda na kuzunguka kwa madaha ya Kiarabu, kila silabi ina pambo lake. Atasema Bi Kidude kaukausha wimbo, kaupiga kama ngoma. Anayempenda Bi Kidude atajibu kwamba kisa cha mauaji hakitaki madaha. Kinataka sauti nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanamke aliyeyaona. Mimi mwenyewe naegemea upande wa pili, na sababu yangu ni kwamba Bi Kidude alikuwa pia mpigaji ngoma na somo wa unyago: alizoea kuwaambia wanawake maneno mazito ana kwa ana. Hata hivyo, hoja ya upande wa kwanza naiheshimu, maana imejengwa juu ya usikivu.

Usikivu huo ni kitu cha kuutazama. Mpenzi hasa wa taarab hausikilizi wimbo wote kwa uzito mmoja. Kuna mahali anapopasubiri. Anasubiri mwisho wa mshororo wa pili, pale sauti inapopanda, aone kama mwimbaji atavuta pumzi katikati ya neno. Anasubiri fidla imalize kujibu, aone kama waitikiaji watakuwa na subira au wataingia kwa pupa. Neno moja likibadilishwa, mkono unainuka: "Hapo katia lake!" Ubeti ukirukwa anaukariri mwenyewe, kwa sauti ya chini, kuziba pengo. Watu wa namna hii tunao Pemba, wengi wao mama zetu na bibi zetu, na sijui mtihani wa chuo unaoweza kupima sikio kama lile.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu nao. Wanaposema "wa mwanzo", mara nyingi wanakusudia santuri. Sahani za siku zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande. Aliyekaa mbele ya maikrofoni kule Bombay alijua kwamba lazima amalize kabla sindano haijafika katikati. Beti zilichaguliwa, nyingine zikaachwa. Vyombo navyo havikupata nafasi ya kutembea. Kile tunachokiita wimbo wa asili kilikwisha kukatwa siku ileile kiliporekodiwa.

Kilichokatwa ni kikubwa kuliko beti. Mwanahistoria Laura Fair alikaa na wazee wa Ng'ambo, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za mji wa Zanzibar baada ya utumwa. Wazee wale walimweleza kwamba mikesha ya Siti haikuwa ya kuimba tu. Kati ya nyimbo kulikuwa na michezo mifupi ya kuigiza, ya kuchekesha, iliyoitwa natiki. Watu waliigiza wakubwa na wadogo wa mji, wakawacheka waliostahiki kuchekwa, kisha vyombo vikarudi. Kwa hiyo tuliyonayo katika taarab ya Siti ni sanaa ya jukwaa kamili, yenye muziki, maigizo na hadhira inayojibu. Santuri ilichukua muziki ikaacha tamthilia. Tamthilia ile tunaijua leo kwa sababu wapenzi waliikumbuka na mtu mmoja akawa na adabu ya kuwauliza.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. New York, mwaka 1943, ulifunguliwa mchezo wa muziki uitwao Oklahoma!, na mwaka huohuo kampuni ya Decca ikatoa nyimbo zake kwa sauti za waigizaji walewale wa jukwaani. Santuri ziliuzwa mno, na ikawa desturi kwa michezo iliyofuata. Tangu hapo vizazi vya wapenzi wa Marekani vimekua vikiijua sauti ya kwanza bila ya kuliona jukwaa la kwanza. Oklahoma! uliporudishwa Broadway mwaka 2019, kwa bendi ndogo na kwa sura ya huzuni na vitisho iliyokuwa imejificha ndani ya hadithi, waliokasirika walikuwa wengi na waliofurahi walikuwa wengi. Wengi wao walilinganisha walichokiona na sahani waliyoikariri tangu utotoni. Mlinganisho wa namna hiyo hauko sawa: upande mmoja kuna watu hai jukwaani, upande wa pili kuna sauti iliyokwisha kuchujwa.

Turudi kwetu. Ukiondoa santuri, kipi kinabaki cha kupimia? Nasema kinabaki kile ambacho wapenzi wenyewe wanakijua lakini hawakiiti ushahidi: nani aliinuka kutunza, na aliinuka kwenye ubeti gani.

Kutunza kunastahili kuelezwa, maana mgeni hudhani ni kumlipa mwimbaji. Bibi mmoja amekaa safu ya tatu, kajifunika kanga yake, kimya tangu mwanzo. Unafika ubeti unaosema kile ambacho yeye hawezi kukitamka. Anainuka. Noti ameishika juu, ionekane. Hapiti njia ya mkato. Anazunguka, anapita mbele ya mtu fulani, anapunguza mwendo hapo, ndipo anafika kwa mwimbaji na kuiweka mkononi. Ukumbi mzima umeelewa. Aliyepitiwa naye ameelewa, na huenda wimbo unaofuata akainuka yeye. Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga na kuchapisha kitabu mwaka 2002, ameonyesha jinsi wanawake wanavyoendesha magomvi na mapatano yao kwa kutunza, bila ya kutamka neno. Hapo mwimbaji ni mmoja tu wa waigizaji. Mchezo wenyewe uko kwenye safu za viti.

Kwa kipimo hicho maswali yanabadilika. Kijiti ulipoimbwa miaka ya 1920, waliosikiliza waliwajua wale wanawake waliofungwa, walimjua na muuaji. Wimbo ukiimbwa leo Ngome Kongwe mbele ya wageni waliotoka Ulaya, hata mwimbaji akiifuata santuri nukta kwa nukta, hakuna wa kuinuka. Tangu tamasha la Sauti za Busara lianze mwaka 2004, jukwaa la Unguja limewapa wanamuziki wetu kazi na heshima, nami nashukuru kwa hilo. Lakini hadhira isiyojua maneno hupiga makofi mwisho wa wimbo, wakati taarab imetengenezwa kujibiwa katikati. Mpenzi anayerudi kutoka kwenye onyesho la namna hiyo akasema "zuri, ila halikunigusa" anatoa uhakiki sahihi. Anakosea anapotafuta kosa kwenye koo la mwimbaji.

Kuna na wale wanaosema wimbo ukishatungwa usiguswe. Kwa hao nina jibu fupi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupata muziki huu kutoka Misri. Watribu wetu walichukua sauti za filamu za Misri na za Kihindi, wakazitia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake kubwa juu ya sauti za Kihindi, na wapenzi wake wanalia wakimsikia. Kurudia kwa namna mpya ndiko kulikoizaa taarab. Kinachotakiwa ni kuuliza kurudia kulikofanywa kumempa nini msikilizaji wa leo.

Hapa Pemba tuna mifano miwili ambayo ingetosha mhadhara wake wenyewe. Kwanza msewe, ngoma yetu, yenye jina la njuga zile zinazofungwa miguuni mwa wachezaji. Ilikuwa ngoma ya wanaume. Siku hizi wanawake wanacheza pia. Imechukuliwa na vikundi vya sanaa na kuchezwa mbali na kisiwa hiki, mara nyingi kwa dakika chache, kwa sare, wachezaji wakiwa wamepangwa kuwaelekea wageni rasmi. Mzee wa hapa akiiona hivyo hutazama miguu. Anataka kusikia kama miguu yote inalia pamoja na inajibu ngoma, kwa sababu mchezaji wa msewe ni mpigaji pia. Sare haimsumbui hata kidogo. Kinachomsumbua ni msewe usiolia. Hicho ni kipimo cha mtu anayejua kitu kinafanya kazi vipi, na ndicho ninachowaombea wapenzi wa taarab.

Pili, kibati. Humo waimbaji wanajibizana kwa kasi, maneno yanatungwa papo hapo, ngoma zinakimbia na kiitikio kinadakia. Kibati cha jana hakirudiwi leo. Hakuna wa mwanzo. Na bado wapenzi wanalinganisha! Watakwambia fulani alikuwa mwepesi wa jibu kuliko mwanawe, kwamba mwaka fulani baada ya karafuu kuuzwa palitokea mjibizano ambao haujapata mwenziwe. Wanalinganisha wepesi na ujasiri, na namna kila mmoja alivyolipiga neno likampata aliyekusudiwa. Hayo hata kwenye Kijiti yanapimika.

Nitaje kwa ufupi tu miaka ya 1990, kwa sababu wengi wenu mliiishi: kikundi cha Tanzania One Theatre na Khadija Kopa wake, kikundi cha Muungano na Nasma Khamis wake, mipasho ikiruka huku na huku, na usiku mmoja ukibeba taarab, maigizo, vichekesho na sarakasi. Nyimbo zile sasa zinarudiwa harusini na waimbaji waliozaliwa baadaye. Kanda tunazo, lakini ukumbi uliokuwa umegawanyika nusu kwa nusu haumo kwenye kanda, na wengi wa waliokuwa ndani yake bado wako hai.

Ndiyo maana ninacho cha kukiomba chuo, nacho hakihitaji fedha nyingi. Tukusanye wapenzi, hasa wanawake wazee, wa Wete, Mkoani, Micheweni na hapa Chake. Tuwapigie wimbo mmoja mara mbili, wa kwanza na uliorudiwa, tuwaache wabishane. Tusiwaulize ni upi bora. Tuwaulize waliusikia wapi kwanza, ilikuwa harusi ya nani, vikundi gani vilipiga, nani aliinuka kutunza, alimpitia nani, ubeti gani haumo kwenye sahani. Majina ya watu binafsi yatabaki siri yao. Ubishi wenyewe ndio tunaoutaka. Wanafunzi wetu waandike, na wanamuziki vijana wanaotaka kurudia nyimbo za zamani waje wakae wasikilize kabla hawajaingia studio. Tuanze kabla ya msimu wa karafuu, kwa sababu msimu ukianza hakuna atakayekuwa na nafasi. Na katika kila kikao awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kinasa sauti peke yake, asikizime hata pale wazungumzaji watakapoanza kukatana maneno, kwani mara nyingi hapo ndipo mmoja wao huimba ubeti mzima ili amshinde mwenziwe.