Lama, nyuzi na sanduku letu



Mwezi uliopita kikundi kimoja kilituuliza: tutoe franga katika sanduku, tuanze kufuga lama? Waliona video katika telefone: nyama mwenye shingo ndefu, na wamama wanasokota uzi kutoka manyoya yake. Tuliahidi kuleta jibu. Ndilo hili.

Lama ni ndugu wa ngamia. Kwao ni Peru na Bolivia, katika milima ya Andes, pande za ziwa Titicaca, mahali pa baridi, metre 3.800 juu. Watu wa kule wanamufuga tangu miaka zaidi ya 4.000. Anabeba muzigo wa kilo 25 ao 30, nyama yake inaliwa, mavi yake ni mbolea, na yakikauka yanawasha moto. Lakini hazai mbio. Mimba ni miezi 11 na nusu, mutoto mumoja. Mbuzi yetu ni miezi 5, na mara nyingi mapacha.

Na ule uzi? Kazi ni ya mikono kabisa. Manyoya yakishakatwa, yanakung'utwa mavumbi. Yako aina mbili: laini ya ndani na ngumu ya inje, ile inachoma ngozi. Wanaitoa ngumu kwa vidole, moja moja. Hapo ndipo siku nyingi zinaenda. Wanaosha katika maji ya vuguvugu bila kusugua, juu ukisugua yanashikana, hayasokotwi tena. Wanakausha kivulini, wanayafungua, wanasokota na kijiti chenye kisahani cha muti. Kisha nyuzi 2 zinasokotwa pamoja kwa upande mwingine, ndipo uzi unakuwa na nguvu.

Sasa jibu letu: hapana. Huku hakuna soko la lama, hakuna muganga wa nyama anayemujua, na kumuvusha bahari ni deni. Kondoo zetu nazo ziko na nywele, si sufu. Sanduku lile ni masomo ya watoto na dawa za wagonjwa. Tuliporudi hatukuwa na kitu. Tusirudi tena pale kwa sababu ya video.

Lakini tusitupe yote. Tumeona kwamba faida inaingia kwa mikono ya mwenye kusokota. Na sisi tuko na mikono: wamama wengi walijifunza kufuma katika kambi, na leo wananunua uzi wa dukani kwa bei kali. Pamba ilikuwa inalimwa katika bonde la Ruzizi, wazee wanakumbuka. Pamba nayo inasokotwa na kijiti, ila kijiti kiwe chepesi, juu nyuzi zake ni fupi.

Basi tunaomba hivi: watu 5 wajaribu, na pamba kidogo, bila kugusa sanduku. Uzi ukikatika, tumepoteza mchana tu. Ukishika, tutaketi tena na kuongea franga.