Safari yetu ya Mgeta
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi



Tulianza mwaka 2014 chini ya mwembe, akina mama 14, hisa moja Sh. 1,000, na sanduku la kufuli tatu ambalo fundi alilitengeneza mfuniko ukawa haufungi vizuri. Leo tuko 23. Habari za hisa, mikopo na marejesho mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina humu humu kijitabuni, hatutaki kuwachosha. Sisi tumeona heri tuseme habari ya safari, maana ndiyo iliyotugombanisha mwaka huu, na si vizuri wageni waisikie pembeni.

Tulipokaa kikao cha kuulizana miaka kumi tuiadhimishe vipi, wengine walitaka sare na muziki. Wengine wakasema, jamani, sisi karibu wote tunauza mboga na viazi. Kutwa nzima sokoni tunaita watu, "njoo uchukue viazi vya Mgeta, karoti za Mgeta," na wengi wetu huko Mgeta kwenyewe hatujafika. Milima ya Uluguru tunaiona kila tukifungua dirisha, lakini ni kama picha ukutani. Basi ikaamuliwa twende. Sare tukashona vile vile, akina mama hatushindwi.

Tulikodi basi dogo, tukaondoka Msamvu alfajiri. Tukashika barabara ya Iringa, Sangasanga tukakata kushoto, tukapita Mzumbe hadi Mlali. Mlali joto ni lile lile la mjini. Baada ya hapo gari likaanza kupanda, kona hii, kona ile, korongo chini yako, na zile nyimbo tulizoanza nazo Msamvu zikakatika zenyewe. Kila mmoja alikuwa anasali kimoyomoyo. Kule juu hewa ni nyingine kabisa. Waliobeba masweta walichekwa asubuhi, mchana wakaombwa wayaazime.

Wenyeji wetu ni kikundi cha akina mama wakulima, wanaweka na kukopa kama sisi. Walitupokea kwa vigelegele, wakatupa uji, wakatuambia twende shamba kabla ukungu haujarudi. Sasa ndugu zetu, shamba la Mgeta si shamba la huku kwetu. Limesimama. Mtu analima huku ameegemea mlima, na ukiangusha kiazi huko juu utakwenda kukiokota kwa jirani. Wameuchonga mlima kwa matuta ya ngazi, na kwenye kila ngazi kuna kitu: kabichi, njegere, karoti, viazi, vitunguu, na kwenye kingo miti ya plamsi na pichesi. Maji wanayaongoza kwa vijifereji kutoka mitoni.

Habari ya matuta ina historia yake. Miaka ya 1950 Serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mwaka 1955 watu wakachoka wakakataa, zikatokea ghasia upande wa Matombo, na mpango ule ukafa. Lakini haya tuliyoyaona Mgeta watu wameyachimba wenyewe kwa jembe la mkono, bila kusimamiwa na mtu.

Kuna jambo jingine tuliloliona shambani. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita huko huko. Mwenzetu mmoja, ambaye alipofiwa na mumewe shemeji zake walimtoa kwenye nyumba na watoto watatu, alimwuliza mwenyeji wetu, "Mama, shamba hili ni la mumeo?" Akajibiwa, "La mama yangu, na kwake lilitoka kwa mama yake." Akatembea kidogo, akarudi kuuliza tena. Akajibiwa vile vile. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mbuzi.

Mbuzi wenyewe ni wa maziwa, wenye asili ya Norwe, mbegu iliyoletwa Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Maziwa tulikunywa. Yaliyobaki tukayanunua.

Kisha tukapelekwa upande wa Bunduki kuona maporomoko ya Hululu. Njia ni ya miguu, nayo inateleza. Tulikuwa tumewaambia watu wavae viatu vya kamba, lakini mweka hazina wetu alikuja na ndala za maua, na kijana mwenyeji ilibidi amshike mkono njia nzima kama bibi harusi. Maji unayasikia kabla hujayaona. Ukifika unakuta yanajitupa kutoka kwenye jabali, meupe kama maziwa, na ule mvuke wake unakulowanisha ukiwa bado uko mbali. Tulisimama pale kama watoto. Maji ya upande huu huingia Mto Mgeta, Mgeta ukaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa watu wa Dar es Salaam. Mwenzetu mwenye binti Dar aliinama, akatia mkono majini, akasema, "Haya, nisalimie mwanangu."

Juu zaidi uko msitu, ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na uwanda wa Lukwangule, na kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600. Huko hatukwenda. Miguu ilikataa.

Turudi kwenye lile lililotugombanisha.

Baada ya chakula wenyeji walituomba tukae, wakasema wana swali. Mama mmoja wa makamo akaleta gunia tupu, viazi na mizani ya kuning'iniza. Akamwambia mwenzetu, "Mama, wewe ni mnunuzi wetu. Lijaze kama unavyopenda kununua." Mwenzetu akalijaza, likafika mdomoni. Likapimwa: kilo 94. Yule mama akasema, "Bado, si ndiyo? Endelea." Basi tukaendelea kama tulivyozoea, tukaongeza juu, tukashonea kipande cha gunia jingine, tukafunga kwa kamba likawa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa, sote tunaijua. Likapimwa: kilo 127.

Akauliza kwa upole kabisa, "Hizo 33 huwa mnalipia?"

Ndugu Mgeni Rasmi, hapakuwa na mtu wa kujibu. Kilo 33 ni karibu debe mbili. Na si yeye peke yake, na si gunia moja, na si mwaka mmoja. Tulitazama chini. Watu waliotupikia ubwabwa na kutushika mikono kwenye utelezi ndio hao hao, kila msimu, tunaowaambia barabarani, "Ongeza, ongeza, hujajaza."

Tulijitetea, hatutaki kuficha. Tulisema lori linatoza kwa gunia, si kwa kilo. Ushuru nao ni kwa gunia. Mchukuzi anayepakua naye ni kwa gunia. Kwa hiyo mwenye gunia dogo anaumia, na jirani yako sokoni akinunua lumbesa na wewe usiponunua, bei yake itakuwa chini ya yako na wateja wote watakwenda kwake. Tena tukasema na wao wakulima wengine huweka viazi vibichi na vidogo chini, vizuri juu. Hilo walilikubali, tukacheka kidogo. Lakini yule mama akasema, "Lori linatoza kwa gunia, sawa. Sisi tunalitoa shamba hadi barabarani kwa kichwa, na kichwa kinatoza kwa kilo."

Njiani kurudi hapakuimbwa wimbo.

Kikao cha mwezi uliofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote vya miaka kumi. Wapo waliosema biashara ni biashara. Wapo waliosema Serikali ilikwisha kuikataza lumbesa, Wakala wa Vipimo wanasema mazao yapimwe kwa mizani, kwa hiyo tunachokitetea ni kosa. Mwenzetu mmoja akauliza, hisa zetu hizi tunazojivunia, tumezijenga na nini? Maneno yakawa makali, na yapo mengine ambayo hatutayaandika. Tukapiga kura: 12 wakataka tununue mizani ya kikundi na kununua kwa kilo, 9 wakakataa, wawili wakasema hawajui. Mizani ikanunuliwa kwa fedha za mfuko wa jamii.

Tuseme na matokeo yake, msije mkadhani tumepata thawabu tu. Msimu wa kwanza tumepata hasara kidogo. Katika gawio la mwaka huu kila hisa imepata pungufu kuliko mwaka jana, mtaona wenyewe kwenye taarifa. Wenzetu watatu waliokataa bado wananunua lumbesa, tunawaona, nao wanajua tunawaona, na ni wanachama halali, hatuna kifungu cha kuwafukuza. Upande mwingine, sasa wale akina mama wanatuwekea viazi vilivyochaguliwa, na mara mbili lori lilipoharibika njiani walitungoja sisi badala ya kumwuzia mtu mwingine. Kwa lori bado hatujapata dawa. Tumeanza kukodi kwa pamoja, gari zima kwa safari, si kwa gunia. Likijaa inalipa, lisipojaa, inauma.

Safari ya pili ipo, mvua za masika zikiisha. Nauli italipwa na kila mtu mwenyewe, si kikundi. Akina baba na majirani mnakaribishwa, majina yaandikwe kwa katibu. Viatu vya kamba, tafadhali, na mweka hazina ameshaahidi. Safari hii tutalala, ili asubuhi tupande na mwongozo mpaka ukingo wa msitu.

Wageni wetu wa Mgeta, mmetoka nyumbani usiku kuja kukaa nasi. Ahsanteni sana. Lile gunia mlilokuja nalo leo kama zawadi tumelipima pale mlangoni mbele ya watu, mkatucheka. Ni kilo 96, na ndilo lililopikwa.

Karibuni chakula.