Kazi za Mikono kwa Watoto Wagonjwa
(Maneno waliyoambiwa walimu na watu wa mitaa katika mkutano wa jubilei)

Tumetakiwa kusema habari za kazi ndogo, nayo ni kuwafundisha kazi za mikono watoto walio wagonjwa sana.

Mtu atokaye Posta kwenda Kariakoo husikia makelele ya biashara. Lakini akigeuka kuelekea Upanga hufika hospitali ya Muhimbili, na humo wamo watoto wenye saratani waliotoka mikoa ya mbali. Zamani watoto hao walitibiwa Ocean Road, karibu na bahari. Siku hizi hutunzwa Muhimbili, na chama cha Tumaini la Maisha, kilichoanzishwa mwaka 2011, husaidiana na hospitali, hata masomo na michezo wanayo. Matibabu yao ni ya miezi mingi, na mtoto hawezi kukaa miezi hiyo yote akitazama dari tu.

Tulipoanza kazi hii katika wodi moja, baba mmoja alituuliza, "Mwanangu aumwa, nanyi mwampa karatasi?" Hatukuwa na jibu. Jibu tulipewa na mwanawe. Tulimpa vipande vya karatasi asuke mkeka mdogo, tukamchagulia rangi nyekundu. Akasema, "Siitaki. Nataka kijani." Ndipo tulipofahamu. Kitandani mtoto hupigwa sindano, hupewa dawa, huambiwa anyamaze, haulizwi neno. Lakini katika kazi ya mikono yake, yeye ndiye mwenye shauri.

Tena twakiri kosa letu. Wageni walipokuwa wakija tulizoea kuzimaliza kazi za watoto kwa siri, zipate kupendeza. Yule mtoto akafa, na mkeka wake ulikuwa nusu. Tukataka kuumaliza, tumpe baba yake. Akatuzuia, akasema, "Uacheni. Hapa ndipo alipofika." Akaukunja, akaenda nao kwao. Tangu siku ile hatugusi kazi ya mtoto.

Basi, ninyi walimu mtakaofanya kazi hii, shikeni haya. Kwanza ulizeni wauguzi, maana dawa za saratani hupunguza nguvu ya damu ya kupigana na maradhi. Kwa hiyo vyombo vioshwe kabla ya kila mtoto, wala udongo uliokwisha kushikwa na wengine usitumiwe. Sindano na visu tusiwape, kwani huenda damu isigande upesi. Dawa nyingine hulegeza vidole. Mtoto wa namna hiyo apewe shanga kubwa, asiharakishwe. Na akisema amechoka, amechoka kweli.

Msidhani ni lazima mali nyingi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye naye alipata kuwa mtumishi wa Muhimbili, alichora wanyama na ndege kwa rangi za kupaka baiskeli, na kuanzia mwaka 1968 mtindo wake ukaanza kujulikana mjini hapa. Rangi zile hazifai wodini kwa ajili ya harufu yake, lakini kalamu za rangi, karatasi na shanga zapatikana Kariakoo kwa bei ndogo. Watu wa mitaa wakitaka kusaidia, walete vitu vipya na safi, si masazo ya nyumbani.

Wala msifikiri ya kuwa watoto hawa wote ni wa kufa. Ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza huko Uganda mwaka 1958 huweza kupona kwa dawa, mtoto akiletwa mapema. Shirika la Afya Duniani liliweka nia mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 watoto wasiopungua 60 katika kila 100 wenye saratani waokoke. Basi wengi watarudi shuleni kwenu. Mtoto aliyeshika kalamu kitandani hatakuwa mgeni wa kalamu darasani. Mpokeeni, mkamwonyeshe mahali pake pa kukaa. Na akiwa na kitu alichokifanya kwa mikono yake, kitundikeni ukutani kama kilivyo.