Nyumba Huja kwa Lori, Ardhi Haiji

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Kamati imetuomba tuseme juu ya nyumba zinazoundwa kiwandani, zikaletwa kwa lori na kuunganishwa mahali pake kwa siku chache. Wengi wenu mmeuliza: moto ukila mtaa mzima, je, nyumba hizi haziwezi kuwarudisha watu makwao upesi? Swali ni jema, maana kati yetu wako walioona mbao na mabati yao yakiharibika kwa moto usiku mmoja. Lakini hatutaki kujibu kwa maneno matupu. Tutawaeleza yaliyowapata wafanyakazi wenzetu huko Marekani, kisha tupime wenyewe.

Tarehe 8 Septemba 2020 moto ulianza katika majani makavu mjini Ashland, katika jimbo la Oregon. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Moto ukafuata bonde la kijito kuelekea kaskazini, ukaingia mji mdogo wa Talent, kisha mji wa jirani uitwao Phoenix. Watu 3 walikufa, na nyumba zaidi ya 2,500 ziliteketea. Nyingi zilikuwa za watu wa kipato kidogo: vibarua wa mashamba ya matunda, wafanyakazi wa hoteli na maduka, na wazee wanaoishi kwa pensheni. Wengi wa vibarua hao asili yao ni Mexico.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyingi katika nyumba zilizoungua zilikuwa zenyewe zimetoka kiwandani, nyumba zilizovutwa kama trela na kupangwa safu safu katika uwanja mmoja. Mfanyakazi alikuwa mwenye nyumba, lakini ardhi chini yake ilikuwa ya mtu mwingine, naye alilipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Ndugu zetu wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Wao wamelijua tangu zamani kwa jina la nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja si chako.

Moto ulipopita, mtu huyo alibaki na nini? Nyumba imekwisha. Bima wengi hawakuwa nayo, au waliyokuwa nayo haikutosha nyumba mpya. Na ardhi haikuwa yake, basi hakuweza hata kusimama juu ya majivu akasema, hapa nitajenga tena. Mwenye uwanja ndiye wa kuamua kama watarudi, lini, na kwa kodi gani.

Tusiseme kwamba nyumba za kiwandani ni mbaya. Zina faida ya kweli, na fundi yeyote ataikubali. Wakati msingi unachimbwa na mabomba yanalazwa, kuta na paa zinaundwa kiwandani chini ya dari, mvua isizuie kazi. Mbao hukatwa kwa kipimo kimoja na hazipotei ovyo. Kisha vipande huja, kreni huviinua, na mafundi huviunganisha. Kazi ambayo ingechukua miezi mingi huenda ikachukua michache. Kwa mtu anayelala hemani na watoto, hilo si jambo dogo.

Lakini upesi una hatari yake. Huko Phoenix, baada ya moto, serikali ya jimbo ilinunua nyumba 140 za kiwandani ili waliounguliwa wapate mahali pa kukaa. Nyumba zilifika. Mwaka 2023 zikaonekana zina kasoro: maji yamepenya, ukungu umeota. Watu waliokuwa wamengoja tangu 2020 wakaambiwa wangoje tena. Ninyi mafundi mnajua sababu ya hatari hii. Nyumba inayojengwa mtaani kila mpita njia huiona. Nyumba ya kiwandani hufika ukuta umekwisha kufungwa, waya na mabomba yamo ndani, na aliyepewa ufunguo haoni kitu ila rangi. Kwa hiyo mkaguzi lazima aingie kiwandani kabla ukuta haujafungwa, aikague tena ikishushwa, na iwapo inangoja iwe imefunikwa isinyeshewe.

Sasa tuwaambie jambo la kutia moyo. Katika mji ule wa Talent kulikuwa na uwanja mmoja ambao karibu nyumba zake zote ziliungua. Wakaaji wake hawakutawanyika wakanyamaza. Walikutana, wakajiunga katika ushirika. Kwa msaada wa shirika lisilotafuta faida, uwanja ule ulinunuliwa ili usimamiwe na wakaaji wenyewe. Ndipo nyumba mpya za kiwandani zikaletwa. Nyumba zilitoka kiwandani kama zile za zamani. Kilichobadilika ni ardhi: sasa habari ya kodi na ya nani arudi huzungumzwa katika mkutano wao, kila mmoja ana kura.

Wala jambo hili si geni. Mwezi wa Aprili 1906 tetemeko na moto viliharibu mji wa San Francisco. Watu walilala katika mahema, na majira ya baridi yalikuwa yakikaribia. Basi zikajengwa nyumba ndogo za mbao 5,610 katika bustani za mji, na waliozijenga walikuwa maseremala wa chama cha wafanyakazi. Mkaaji alilipa dola 2 kwa mwezi, zikihesabiwa katika bei ya nyumba, ambayo ilikuwa dola 50. Mji ulipotaka bustani zake, mtu aliyepata kiwanja aliikokota nyumba yake kwa farasi mpaka kwake. Chache kati ya nyumba hizo zimesimama hata leo. Nyumba ndogo, ya haraka, iliweza kuwa nyumba ya maisha kwa sababu mtu alipata mahali pa kuiweka.

Mtaona pia kwamba kazi ile ilikuwa mikononi mwa wanachama. Na sisi tukumbuke hivyo. Kazi ya kujenga ikihamia kiwandani haipotei, imehama tu. Seremala, mwashi na fundi wa umeme wakibaki mtaani wakingoja, watakuta kiwanda kimejaa vibarua wa siku, wasio na mkataba wala kiwango cha mshahara. Chama lazima kiifuate kazi iendako.

Ndugu wanachama, siku tutakapoletewa habari ya nyumba hizi, baada ya moto au kabla yake, tusianze kwa kuuliza rangi yake. Tuulize haya. Kwanza, ardhi ni ya nani, na karatasi inasema nini? Pili, nani aliikagua nyumba kabla ukuta haujafungwa, na kasoro ikionekana nani atalipa? Tatu, walioiunda walilipwa namna gani? Nne, je, imejengwa isiungue tena? Maana moto wa nyika hupeperusha makaa mbali mbele yake, nayo huingia katika matundu ya dari na kuwasha takataka zilizoegemea ukuta. Paa lisiloshika moto, wavu mdogo katika matundu, na futi 5 za ardhi tupu kuizunguka nyumba, haya si gharama kubwa, nayo huokoa.

Na jambo la mwisho ni letu wenyewe. Moto ukitokea katika mtaa wa wanachama, kamati ya tawi ikutane siku ile ile na iandike orodha ya kila mkaaji, mwenye nyumba na mpangaji pia, kabla mtu mwingine hajaandika orodha yake. Mtu ambaye jina lake halimo huambiwa kwamba hakuwapo. Tunapendekeza mkutano huu uchague leo watu watatu wa kuanza orodha hiyo sasa, mtaa kwa mtaa, moto haujaja.

Tumemaliza, Bwana Mwenyekiti. Tunangoja majina matatu.